Fahali wa Mzee Marudio

Waholanzi walikuwa wameshinda tena, na Kasmiri alitamani kuipasua tivii yake mwenyewe kwa teke.

Si kwamba alikuwa na ugomvi na Waholanzi. Hakuwahi kukutana na hata mmoja. Ugomvi wake ulikuwa na mtu wa Kiabakari, mfanyabiashara wa ng'ombe anayeitwa Mwikwabe. Lakini kisasi chake kwa Mwikwabe kilikuwa kimekwama mahali pamoja tu: Mholanzi ashindwe. Mara moja tu, Mungu wangu, mara moja. Na Waholanzi, yale majitu ya nguo za rangi ya chungwa, yalikuwa yamekataa katakata kushindwa.

Kasmiri alikuwa na kibanda cha kuonyeshea mpira pale Iringo, katikati ya Musoma: mabati, mabenchi, tivii kubwa na king'amuzi. Vibanda vya namna hiyo vimejaa mjini, lakini chake watu walikifuata kwa sababu ya mdomo wake. Sauti ya Kiingereza aliizima, akashika kipaza sauti na kutangaza mwenyewe, kwa utani na kwa makelele, na hata mechi iliyolala ilipopita mdomoni mwake iliamka. Kwenye kona ya juu ya kioo alikuwa amebandika utepe mweusi. Pale ndipo stesheni huandika kama mchezo ni wa laivu au ni marudio. Siku ambazo dishi liliyumba kwa upepo wa ziwa, Kasmiri alionyesha mchezo aliourekodi, akautangaza kwa pumzi ileile, na hakuna aliyegombana naye. Kibandani mwake, laivu ilikuwa ni kile ambacho Kasmiri amesema ni laivu.

Februari ile ligi ilisimama, mabenchi yakabaki matupu, ndipo akawawekea watu Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Mwanzoni walimcheka. Watu wazima wamevaa viatu vyenye visu, wanateleza juu ya barafu wawili wawili, wamejikunja kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Kwani hawa wanakaaga kwenye friji?" aliuliza Revocatus, mwenyekiti wa wauza samaki, ambaye benchi la mbele alilihesabu kuwa lake.

"Nchi yao ni maji tu, mwenyekiti," Kasmiri alimjibu kwenye kipaza sauti. "Mifereji kila mahali. Zamani baridi ikikaza maji yanaganda, watoto wanasukuma viti juu ya barafu mpaka wanajua kuteleza. Siku hizi mifereji haigandi sana, wamejenga majumba ya barafu, wanateleza mwaka mzima."

"Ziwa letu likigandaga hivyo, dagaa tutavua na shoka?"

Kibanda kiliangua kicheko. Lakini baada ya siku chache kicheko kiligeuka ushabiki. Waholanzi walishinda mbio fupi, wakashinda za kati, wanaume kwa wanawake. Kuna siku jukwaa la washindi lilikuwa chungwa tupu, wa kwanza mpaka wa tatu. Kasmiri aliwaeleza watu wake kwamba katika mchezo huu hakuna taifa lililowahi kubeba medali nyingi kama lile, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Vijana wa bodaboda wakaanza kujiita Waholanzi. Na Mwikwabe, ambaye kila wiki aliwaletea wachinjaji wa Musoma ng'ombe, akapata timu ya moyo wake.

"Mimi nakaaga na anayeshinda," alisema, akinyoosha miguu yake. "Kushindwa kunanukaga."

Kasmiri alimsogezea kiti cha plastiki, akamwambia karibu, baba. Neno lile lilimchoma kila alipolitamka.

Ilibidi amwite baba. Mwikwabe na Mzee Eliasi, baba mzazi wa Kasmiri, walikuwa rika moja, walitahiriwa siku moja kule Butiama. Kwa desturi yao, watu wa rika moja hutaniana bila mpaka. Mwenzako anaweza kukuvua kofia akaivaa, akala kwenye sahani yako, akakutega ukanasa, na huna pa kumshitaki. Ukishindwa naye kitu, kimekwenda. Akikurudishia, amekutukana, amekufanya mtoto mbele ya watu.

Basi Jumapili moja Mwikwabe alimwita Eliasi kwake Kiabakari waangalie mpira. Eliasi alikuwa ametoka malishoni, simu yake haina chaji, habari za dunia hana. Alikuwa mtu mwangalifu, akauliza, "Hii ni laivu?" Mwikwabe akamjibu, "Laivu." Wakawekeana dau, kila mmoja na timu yake. Eliasi akamkabidhi shahidi kamba ya Mabaka, fahali wake wa madoa meupe aliyezalisha zizi lote. Mechi ilikuwa ya jana yake. Kila mtu mle ndani alijua matokeo isipokuwa yeye, na walikaa nyuma yake wakiziba midomo mpaka dakika ya mwisho.

Mchezo ule ungeishia kwenye fahali, ungeitwa utani. Lakini Kiabakari nzima ilianza kumwita Mzee Marudio. Mnadani, kilabuni, hata kwenye ngazi za kanisa: Mzee Marudio huyo, mwulizeni matokeo ya jana. Eliasi aliacha kwenda mnadani, kisha akaacha kwenda kanisani, kisha akaacha kula. Madaktari walitaja ugonjwa wenye jina refu, nao labda walikuwa sahihi. Kasmiri yeye alijua baba yake ameuawa na nini. Siku ya mazishi Mwikwabe alileta gunia la mchele, na wakati jeneza linashushwa mlevi mmoja alisema kwa sauti, "Hii sasa haina marudio." Watu wakacheka, wengine kwa kushindwa kujizuia. Mwikwabe aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Kasmiri aliyaona yale mabega.

Mama yake, Dorotea, naye aliyaona. Tangu siku ile hakuwahi kucheka, na kila Kasmiri alipokwenda nyumbani Butiama aliagwa kwa maneno yaleyale. "Sitaki ng'ombe wala mchele. Nataka siku moja uje uniambie kwamba amelia."

Kwa hiyo, Mwikwabe alipoanza kuwashangilia Waholanzi, Kasmiri alipanga. Mbio za kule Ulaya zilikimbiwa jioni ya kwetu. Jioni alijifungia chumbani kwake, akatazama peke yake huku akirekodi, na kesho yake mchana akawaonyesha watu, akiwaambia ni laivu. Simu walikuwa nazo, ndiyo, lakini nani pale Iringo angehangaika kutafuta matokeo ya watu wanaoteleza? Alichohitaji ni mbio moja ambayo Mholanzi angeshindwa. Angemwambia Mwikwabe aweke Mabaka upande wa Waholanzi wake, na Mwikwabe, aliyezoea kukaa na anayeshinda, angemweka bila kupepesa. Mtego uleule uliomnasa Eliasi, kamba ileile, mbele ya watu wengi zaidi.

Lakini kila jioni chungwa lilishinda. Kasmiri aliomba Mnorwe ainuke, hakuinuka. Akaomba Mholanzi aanguke, akaanguka Mjapani. Aliwatukana Waholanzi kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yake. Michezo ilikaribia kwisha, na usingizi ukamtoka.

Jumamosi ya mwisho ikaja mbio ndefu kuliko zote. Wanakimbia wawili, mmoja njia ya ndani na mwingine ya nje, na kila mzunguko wanabadilishana ili asiwepo wa kupunjwa. Mholanzi alikuwa bingwa wa mbio hiyo, na alikuwa akienda vizuri kupita kiasi. Kasmiri alikwisha kukata tamaa na kuinuka kutafuta maji ya kunywa. Mara kocha aliyesimama pembeni akanyoosha mkono kuelekeza njia, akakosea. Mholanzi, aliyekuwa anakwenda vizuri, akamtii kocha na kuingia njia ambayo siyo yake. Alimaliza wa kwanza kwa mbali, akainua mikono. Kisha kocha akamfuata akamwambia. Mholanzi akaitupa miwani yake chini. Alikuwa ameondolewa mashindanoni, na ushindi ukaenda kwa Mnorwe.

Kasmiri alipiga magoti sakafuni. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akachukua simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nyuma ya Mwikwabe kulikuwa na kelele za watoto na tivii. "Niko Bunda kwa binti yangu Lucy, nimekuja kusalimia wajukuu."

"Kesho mchana ndiyo mbio ndefu, baba. Ya mwisho. Mimi nasema Waholanzi wako hawashindi."

Watoto waliendelea kupiga kelele.

"Unasemaje?"

"Nasema hawashindi. Naweka kibanda changu, na tivii, na kila kilichomo. Wewe weka Mabaka."

Mwikwabe aliwakemea watoto, akaomba tivii izimwe. "Sawa," Mwikwabe alisema hatimaye. "Kesho baada ya misa."

Jumapili kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Habari ilikwisha kuzagaa sokoni: Kasmiri amepata wazimu, anaweka kibanda chake dhidi ya Waholanzi. Mwikwabe aliingia na koti lake la kanisani na fimbo, akamkabidhi Revocatus kamba mpya ya katani, maana mwenye kuweka ng'ombe hukabidhi kamba kwa shahidi. Revocatus akaivaa shingoni kama mtu aliyepewa nishani. Kasmiri naye akamkabidhi ufunguo wa kibanda.

Kisha Mwikwabe akasimama mbele ya kioo, akautazama ule utepe mweusi, akamgeukia Kasmiri.

"Hii ni laivu?"

Kasmiri alijizuia asicheke. Ni swali lilelile! Mjinga huyu anauliza swali lilelile!

"Laivu, baba," akajibu.

Mwikwabe alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa.

Kasmiri hakuwahi kutangaza hivyo tangu azaliwe. Alimpamba Mholanzi, akamsifu mapaja, akamsifu kocha, akawafanya watu waamini kwamba kibanda kimekwenda. Kocha alipokosea, Kasmiri aliendelea kusifu, maana hakuna aliyeona kosa. Mholanzi alipomaliza, kibanda kililipuka. Vijana walikumbatiana, mmoja akaanza kumwuliza Kasmiri kesho atauza nini. Katikati ya makelele yale Kasmiri alimtafuta Mwikwabe, amwone akiruka, amwone akifurahi, ili ampokonye furaha hiyo mdomoni. Mwikwabe hakuruka. Alikaa vilevile, mikono juu ya fimbo. Kasmiri aliudhika kidogo, kama mpishi aliyeandaa chakula na mgeni hali.

"Subirini!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Subirini, jamani! Kuna jambo! Kocha anamfuata! Anamwambia nini? Ameingia njia ya mwenzake! Ameondolewa! Mholanzi nje! Mnorwe ameshinda!"

Ilichukua muda watu kuelewa. Walipoelewa, mabenchi yalipinduka. Watu wakamgeukia Mwikwabe, na kijana mmoja, ambaye dakika chache nyuma alikuwa Mholanzi kindakindaki, akapaza sauti, "Pole, Mzee Mholanzi!" Jina likadakwa palepale. Mzee Mholanzi! Mzee Mholanzi, barafu imekuteleza! Lingemfuata mnadani, kilabuni, kwenye ngazi za kanisa. Kasmiri alisikiliza, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Mara.

"Nimeshindwa," alisema Mwikwabe. "Ng'ombe wenu anakuja."

Na kweli, watu walikuwa bado wanacheka walipomwona Gody, mchunga ng'ombe wa Mwikwabe, anaingia mtaani akiswaga fahali mkubwa wa madoa meupe. Mabaka alikuwa amezeeka kidogo, lakini alikuwa ni yeye. Watu walishangilia. Revocatus aliivua kamba shingoni, akamkabidhi Kasmiri pamoja na ufunguo wake, akasema mtu huyu Mwikwabe neno lake ni neno, amelipa kabla hata watu hawajatawanyika.

Kasmiri alishika pembe za fahali wa baba yake. Kisha akaziona kwato. Zilikuwa na vumbi jekundu la njia nzima, na Gody vilevile, vumbi mpaka magotini, midomo imekauka. Revocatus ni mtu wa samaki, asingejua. Lakini Kasmiri alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Ng'ombe atokaye Kiabakari kwa miguu huondoka alfajiri ndipo afike Musoma jua likielekea kushuka. Mabaka alifunguliwa zizini kabla kengele ya misa haijalia, kabla tivii haijawashwa, kabla Mholanzi hajavaa viatu vyake.

Kicheko kikamwishia. Alimfuata Mwikwabe nyuma ya kibanda, alikosimama peke yake akinawa uso kwa maji ya ndoo.

"Baba, fahali huyu alitoka Kiabakari saa ngapi?"

"Nilijua utaona," Mwikwabe alisema. "Wewe ni mtoto wa Eliasi."

"Jana ulikuwa unatazama."

"Kwa Lucy kuna dishi. Wajukuu wanawapendaga hao wateleza barafu. Nimetoka tu kumwona Mholanzi anatolewa, simu inalia, ni wewe. Nikampigia Gody, nikamwambia alfajiri amfungue Mabaka."

"Kwa nini ukakubali?"

Mwikwabe alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Ng'ombe hii nilimpelekea baba yako kabla hajafa. Nilikwenda zaidi ya mara moja. Alinifukuza. Alisema chake hakirudi kwa huruma, kitarudi kwa kushinda, na kucheza tena na mimi alikataa. Nikabaki nayo. Kuirudisha siwezi, kuichinja siwezi. Kila nikiingia zizini inaniangalia."

"Ulicheka kaburini! Niliyaona mabega yako!"

"Uliona mabega," Mwikwabe alisema. "Uso hukuuona."

Kasmiri alikunja ngumi. Alitaka kumpiga, na mkono haukwenda. Mzee akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Nilikuuliza kama nilivyoulizwa na Eliasi. Nilikuwa nimeapa moyoni. Ukisema hapana, baba, ni marudio, nakukabidhi kamba palepale, na nawaambia watu wote wa Iringo nilichomfanyia rika yangu, na kwamba jina lile la kumtukana nililianzisha mimi. Nilikuwa tayari kulia mbele yao. Ukasema laivu. Hata sauti ilikuwa yangu ya siku ile."

"Waambie sasa!" Kasmiri alimshika koti. "Nenda kawaambie!"

"Nikiwaambia yangu, itabidi niwaambie na yako. Unataka?"

Kule mbele watu walikuwa wanaimba Mzee Mholanzi. Kibanda kilikuwa mdomo wa Kasmiri, na mdomo ule ukijulikana unasema uongo wa kuchukulia watu ng'ombe, hakuna atakayekalia tena benchi lake. Alimwachia koti. Mwikwabe akachukua fimbo, akapita katikati ya wale waliokuwa wanamzomea, akawapungia mkono, akaenda zake. Hata kisasi mzee yule alikuwa amekigeuza zawadi, na Kasmiri alimchukia kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia kwa lolote.

Kesho yake alimpakia Mabaka kwenye Fuso, akampeleka Butiama. Majirani walimsikia fahali kabla hawajamwona. Dorotea alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Hakumtazama ng'ombe. Alimtazama mwanawe.

"Mlicheza?"

"Tulicheza, mama. Watu wameshuhudia. Sasa wanamwita Mzee Mholanzi."

"Mimi jina halinisaidii." Alisogea karibu. "Alilia?"

Akilini Kasmiri alimwona tena Mwikwabe akinawa uso kwa maji ya ndoo, taratibu, kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Hakuwa ametazama macho ya mzee. Alikuwa anatazama ngumi zake mwenyewe.

"Alilia, mama," akasema.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Dorotea akacheka. Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka, akaita majirani, akasema Eliasi asikie huko aliko. Wakaanza kupiga vigelegele. Kasmiri alimwongoza fahali mpaka zizini, akafunga kamba kwenye nguzo ileile ya zamani, ikafunguka, akafunga upya kwa hasira, na hakujua tena amkasirikie nani.